Ina Shida ya Maji

Lau Msellem angalikuwa na miguu yake miwili siku ile, haya yote yasingalitokea. Lakini mguu wa kushoto ulikuwa umechomwa na mwiba wa samaki taa, umevimba kama boga, na mwenyewe amelala mkekani barazani kwake Muyeye, akiikodolea macho mashine ya boti iliyoegemezwa ukutani.

Ilikuwa mashine kuukuu. Aliinunua kwa hoteli iliyofunga milango, na aliyemuuzia aliisifu kama mama anayemsifu binti yake kwa wachumba. Kweli iliwaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Ubaya wake ulijionyesha baadaye, baharini.

"Ruqaiya," alimwita mkewe, "itabidi uipeleke wewe kwa fundi. Abdulkadir atakusaidia kuibeba, ila yeye ukimtuma neno hulifikisha nusu. Nisikilize vizuri. Mwambie hivi: ukiiwasha, inakojoa vizuri tu. Ukiiongeza moto ikimbie, inaacha kukojoa, halafu inazima. Umeshika? Inaacha kukojoa."

Ruqaiya alijiziba mdomo kwa kiganja, akacheka. Alijua maana yake. Nani aliyeolewa na mvuvi asijue? Ubavuni mwa kila mashine ya boti hutoka kijimrija chembamba cha maji, ishara kwamba maji ya kuipoza yanazunguka ndani. Wavuvi hukiita mkojo. Mashine ikikojoa, nahodha anapiga mluzi. Isipokojoa, inaungua.

"Nikaseme hivyo mbele za wanaume?"

"Si tusi, mke wangu. Ni mashine."

"Haya, nimesikia."

"Na ulete ile rangi yako ya kucha."

"Ya nini tena?"

"Nitie alama. Hawa mafundi unawapelekea mzima, wanakurudishia kiwete. Wanachomoa chuma chako kizuri, wanakutilia kibovu."

Rangi ilikuwa nyekundu, imebaki tangu fungate. Ruqaiya huipaka siku zile ambazo hana swala, kisha huitoa. Msellem akaivua mashine kofia, akachovya kijiburashi, akaweka nukta kwenye kila chuma alichokifikia: kabureta, vichwa vya plagi, parafujo za nje. Ulimi umemtoka pembeni ya mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika.

"Huyo fundi Odera ni mwaminifu," Ruqaiya alisema. "Alipotengeneza pampu ya kisima cha mama, alirudisha hata vyuma vibovu, kavitia kwenye mfuko. Akasema, hii mali yenu, hata ikiwa imekufa."

"Mashine ya kisima si mashine ya bahari."

"Mtu ni yule yule."

Msellem alichovya tena kijiburashi. Fundi wake wa zamani alikuwa amehamia Lamu, na Odera alikuwa chaguo la mkewe. Alipuliza nukta ya mwisho ikauke.

*

Karakana ya Odera ilikuwa ni bati nne na nguzo, karibu na soko la samaki. Mbele yake palikuwa na benchi refu, na benchi hilo halikuwahi kukaa tupu. Kila asiye na safari siku hiyo huketi pale, na mwenyekiti wao asiyechaguliwa alikuwa Mwambire, muuza chambo, mtu wa maneno.

Abdulkadir, mdogo wake Msellem, aliishusha mashine kutoka kwenye tuktuk, akaenda zake kununua sigara. Ruqaiya akabaki peke yake, mwanawe Sahla kiunoni, macho ya benchi zima yamemwelekea.

"Shikamooni."

"Marahaba, mama. Karibu."

Odera alitoka akifuta mikono kwa tambara. Alikuwa mtu wa ziwani, lakini miaka ya Malindi ilikuwa imemlainisha ulimi. "Karibu, shemeji. Mgonjwa anaumwa nini?"

Benchi likanyamaza kusikiliza.

Sasa, Ruqaiya alilelewa Mambrui na bibi yake, na katika nyumba ya bibi huyo hakuna kilichokojoa. Mtoto alikwenda haja. Mgonjwa alijisaidia. Hata mbuzi, akilowesha ua, ilisemwa tu kwamba amechafua. Neno lenyewe Ruqaiya alilijua tangu utotoni, na tangu utotoni alikuwa hajalitoa kinywani mbele ya mwanamume asiye wake. Lilimfika kooni pale, likakataa kupanda. Akamwona Mwambire ameinamisha kichwa, sikio limesimama, akajua akilisema tu litachezewa ngoma mpaka jioni.

"Ina..." alisema. "Ina shida ya maji."

"Maji yameingia kwenye petroli?"

Aliona mlango umefunguliwa, akapita. "Ndiyo hayo. Maji."

"Ukiongeza moto inazima?"

"Hapo hapo!" alisema kwa furaha, kwa kuwa sasa lililobaki lilikuwa kweli tupu.

"Basi nimeielewa." Odera alivua kofia ya mashine, akaona nukta nyekundu. Alizitazama kitambo. "Naona bibi harusi amepakwa rangi. Anaolewa lini?"

Benchi likaangua kicheko. Ruqaiya alitazama chini. Odera naye alicheka, lakini cheko lake lilikatika kabla ya la wenzake. Mtu hupenda kuaminiwa, na alizielewa nukta zile zilikuwa zinasema nini.

Alimwaga petroli kwenye chupa, akaionyesha kwenye jua: chini kabisa kulikuwa na tone la maji, kama lilivyo kwenye petroli ya kila mtu pwani hii. "Huyu hapa mchawi wako, shemeji." Akaifungua kabureta, akaiosha yote kwa thina, akaikausha, akairudisha. Kisha akaishusha mashine kwenye pipa la maji, akavuta kamba. Ikaunguruma.

"Alaa!" alipiga ukelele Mwambire. "Tazameni mkojo huo! Huo mkojo wa fahali!"

Ruqaiya aligeuza uso kutazama barabara.

"Humu pipani siwezi kuipa moto wote, itamwaga maji," Odera alimwambia akiizima. "Mwambie Msellem aikimbize kwenye maji matulivu, ndani ya mwamba, kwanza, aone. Asitoke nje kabla hajairidhia."

Nyumbani Msellem aliuliza swali moja tu. "Ulimwambia kama nilivyokuambia?"

"Nilimwambia. Ametoa maji yote."

Ulikuwa uongo? Ruqaiya hakuuona kuwa uongo. Alikuwa amefunika neno kwa kitambaa, kama unavyofunika sahani ya jirani. Aliamini kilicho chini ya kitambaa kimefika.

*

Mguu ulipokubali kukanyaga, Msellem na Abdulkadir wakaishusha boti. Alfajiri ile Ruqaiya hakwenda diko, wanakoegesha boti, kuwaaga, kwa kuwa Sahla alikuwa ameamka na tumbo la kuhara, macho yamemzama. Jua lilipopanda alimfunga kwenye leso, akampeleka zahanati.

Muuguzi Dorcas alikuwa mwanamke mpana, mwenye sauti ya kuitia watoto mtaa wa pili. Alimfinya Sahla ngozi ya tumbo, akamtazama ulimi.

"Anakojoa?"

"Ana shida ya maji kidogo," alisema Ruqaiya.

"Shida ya maji gani? Hanywi maji? Anaharisha maji? Nyumbani kwenu bomba halitoki?"

"Si hivyo. Ni kwamba... haendi sana."

"Haendi wapi?"

Akina mama kwenye foleni waligeuka. Ruqaiya alihisi masikio yanawaka.

"Mwanangu," Dorcas alisema, na sasa aliishusha sauti, "mficha uchi hazai. Mimi nitampa dawa kwa neno lako. Ukinipa neno jingine, nitampa dawa nyingine. Nakuuliza tena: mtoto anakojoa, ama ameacha kukojoa?"

"Ameacha kukojoa."

Alilisema. Na lilipotoka kinywani alilisikia kwa sauti ya mumewe, barazani, mguu umevimba: umeshika? Inaacha kukojoa.

Akasimama. Dorcas alimkalisha tena kwa mkono mmoja, akachanganya maji ya chumvi na sukari, akamshikisha kikombe. "Kijiko kimoja kimoja. Usimkimbize. Ukiona amelowa tu, ujue yuko njia ya kupona." Ruqaiya alimpa Sahla kijiko kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akampigia Msellem. Simu haikupatikana. Akapiga tena. Haikupatikana.

Sahla alikunywa kikombe kizima, kwa usumbufu na machozi machache. Dorcas akamtilia dawa nyingine kwenye chupa ya kwenda nayo. Ruqaiya alitoka pale akiita bodaboda kwa sauti ambayo bibi yake asingeitambua.

*

"Fundi!" Alikuwa hajashuka vizuri. "Fundi Odera!"

Odera alichungulia kutoka chini ya gari la mtu. Benchi lilikuwa limejaa.

"Shemeji, kuna nini?"

"Ile mashine. Sikukuambia. Nilisema shida ya maji, lakini si maji ya petroli. Haikojoi!" Lilitoka kubwa kuliko alivyokusudia, likagonga bati. "Ikiwashwa inakojoa. Ikiongezwa moto inaacha kukojoa. Ndivyo alivyonituma, na mimi... mimi niliona haya."

Hakuna aliyecheka. Hata Mwambire.

Odera alitoka chini ya gari taratibu, kama mtu aliyeshikwa na baridi. "Ni raba ya pampu," alisema. "Imeachana na chuma cha katikati yake. Polepole inazunguka, ukiikimbiza, chuma kinazunguka peke yake, raba imesimama. Yuko wapi Msellem?"

"Ametoka alfajiri."

"Nje ya mwamba?"

Simu ikalia mkononi mwa Ruqaiya. Alikuwa Msellem. Ruqaiya aliifungua sauti yote, na karakana nzima ikasikia upepo, na nyuma ya upepo, ngurumo ya mawimbi yanayovunjika.

"Ruqaiya! Huyo mwizi wako yuko wapi?"

"Baba Sahla..."

"Imezima! Nimeijaribu ndani mdogo mdogo, imekwenda kama bibi harusi. Nimeipa moto huku nje, imezima, inanuka kuungua! Nimeivua kofia. Kabureta haina alama hata moja! Amenibadilishia, mwizi yule, mla haramu! Na mkondo unatupeleka mwambani!"

Odera alisimama palepale, tambara mkononi. Benchi lilitazama chini. Mtu ameitwa mwizi mlangoni kwake, mbele ya wateja wake. Alisogea tu karibu na simu. "Mwambie asivute kamba," alisema polepole. "Akiiwasha sasa na moto wake, vyuma vitashikana, na haitawaka tena leo wala kesho."

"Nani huyo? Ni yeye? Asinifundishe!"

Kwa mbali ikasikika sauti ya Abdulkadir: "Msellem, vuta! Vuta, mwamba ule unakuja!"

"Usivute!" Ruqaiya alipiga kelele. "Msellem!"

Hakuwa amewahi kumwita kwa jina mbele za watu. Upande wa pili ikasikika bahari tu.

"Nisikilize. Fundi hakukosa. Mimi sikumwambia."

"Hukumwambia nini?"

"Lile neno. Nilisema ina shida ya maji. Akatibu petroli. Angeijuaje pampu, na mimi nimemficha?"

"Na alama?"

"Alama ni rangi ya kucha, Baba Sahla! Yeye ameiosha kabureta kwa thina mbele ya macho yangu. Na mimi kucha zangu nazitoa kwa nini, siku zote? Si kwa thina ile ile inayoyeyusha rangi, ya fundi wa milango? Ungeniuliza!"

Wimbi likavunjika, karibu zaidi kuliko lile la kwanza. Ruqaiya alifumba macho. Alijua kinachopita kichwani mwa mumewe: mwamba anauona kwa macho yake, na kamba iko mkononi, fundi yuko nchi kavu, wala hana cha kupoteza. Ukiwa pale, ungemwamini nani?

"Mwambie atie nanga," Odera alisema.

"Tia nanga," alisema Ruqaiya. "Mimi ndiye nakuambia. Si yeye."

"Msellem, vuta!" ililia sauti ya Abdulkadir.

Kikasikika kishindo, kisha kamba ikisugua ukingo wa boti. Ikasugua muda mrefu.

"Haishiki," Msellem alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Inaburura."

Mwambire aliinuka, akatoka mbio kuelekea diko kutafuta boti yoyote yenye mtu, ingawa kila mtu pale alijua boti zimetoka. Ruqaiya alimkumbatia Sahla, akahesabu pumzi za mtoto badala ya zake.

"Imeshika," alisema Msellem.

Kila aliyekuwa amesimama karakanani akaketi.

"Sasa iache kofia wazi," Odera alisema, na safari hii alizungumza na simu moja kwa moja, bila salamu wala kinyongo, kama daktari. "Usiimwagie maji, itapasuka. Iache ipoe mpaka uweze kuishika kwa kiganja kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Nanga ikikushikilia, huna haraka."

Ulikuwa ni muda mrefu kuliko mimba. Kila wimbi lililovunjika kwenye simu, Ruqaiya alisubiri lifuatwe na ukelele. Mara mbili Abdulkadir alisema imepoa, na mara mbili Odera akauliza: "Kiganja kinakaa?" na Msellem, baada ya kusita, akajibu: "Hakikai." Hapo ndipo Ruqaiya alipojua kwamba mumewe ameanza kuamini, maana angeweza kudanganya.

Hatimaye alisema, "Kinakaa."

"Vuta."

Ikakohoa. Ikakohoa tena. Ikawaka.

Odera alimtazama Ruqaiya, hakuuliza yeye mwenyewe. Benchi zima lilimtazama. Ruqaiya akakikaribia kinywa cha simu.

"Inakojoa?"

"Inakojoa."

"Usiiongeze moto," Odera alisema. "Ng'oa nanga, njoo mdogo mdogo. Hata Abdulkadir akilia, usiongeze."

Wakaja mdogo mdogo. Mkondo ukiwavuta huku, mashine ikiwavuta kule, na ushindi ulikuwa wa mashine kwa kiasi kidogo kama upana wa ukucha. Ruqaiya hakuiacha simu. "Inakojoa?" "Inakojoa." Mawimbi. "Bado inakojoa?" "Inakojoa, mke wangu." Wazee wa benchi waliliitikia kwa midomo bila sauti, kama watu walio kwenye dua. Na katikati ya hayo, Ruqaiya alihisi joto likimshuka kiunoni, likapita kwenye buibui, likadondoka mguuni. Alitazama chini. Sahla naye alimtazama, macho yake yamerudi mahali pake.

Ruqaiya akaanza kulia, na wale wa benchi wakadhani ni habari mbaya.

"Msellem! Ndugu yangu!" mmoja alipaza sauti kwenye simu. "Uko?"

"Niko," alijibu Msellem. "Tumeingia mlango wa mwamba. Ninawaona watu wa diko."

*

Mpaka boti inagusa mchanga, Odera alikuwa pale diko na spana zake, Ruqaiya nyuma yake. Aliishusha mashine yeye na Abdulkadir, akailaza juu ya gunia, akafungua sehemu ya chini. Alichomoa kitu cheusi chenye mabawa kama ua, akakizungusha kwenye kidole. Kati yake palizunguka. Mabawa yakabaki yamesimama.

Alikiweka kwenye kiganja cha Ruqaiya. "Mali yenu," alisema, "hata ikiwa imekufa."

Msellem alikuwa amesimama kwa mguu mmoja, chumvi imemkaukia usoni. "Fundi."

"Sema."

"Yale niliyosema kwenye simu..."

"Niliyasikia. Na benchi lote liliyasikia."

Msellem alijifuta chumvi usoni. "Basi nitakuja benchini kuyafuta, wakiwa wote. Kesho, wakishajaa."

"Njoo na kahawa," alisema Odera, akainama kukusanya spana. "Wale hawasamehe na koo kavu. Na raba mpya, usiitie alama. Nikikosea tena nitukane, lakini usinipakie rangi."

"Wallahi sitii." Msellem akamgeukia mkewe kumpokea mtoto, akasita, akanusa.

Mwambire alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mtumbwi, bado anahema kwa zile mbio zake. Alimtazama Ruqaiya toka juu mpaka chini, na uso wake ukarudi kwenye kazi yake ya kawaida. "Shemeji! Buibui imelowa chapachapa. Ama na wewe una shida ya maji?"

Watu wakageuka.

"Mwanangu amekojoa," alisema Ruqaiya, kwa sauti iliyofika mpaka kwenye boti za mwisho, na akampa Msellem mtoto.